Achari ya Posa

Mlioniacha chini ya kifusi, nimetoka. Nundu imepoa, imebaki kama ndimu changa, na kofia inakaa juu yake bila kuteleza.

Wageni nao karibuni. Mimi ni Mundhir, mjukuu wa ile nyumba ya mawe ya Wete ambayo zamani ilikuwa ya watu wenye mashamba ya mikarafuu, na leo ni ya popo pamoja na shangazi yangu, Bi Rawya. Nimelima mwani Kiuyu, ukaoza wote. Nimenunua bodaboda, ikateremka yenyewe baharini pale Gando wakati mimi nanunua chapati. Sasa nataka mke. Wiki mbili zilizopita nikasema niikarabati nyumba kabla ya kupeleka posa, nikagonga msumari mmoja tu chini ya ngazi, na ukuta ukaja wote.

Nyuma ya ukuta palikuwa na tundu. Ndani ya tundu, chupa. Moja ikanipiga utosini.

Shangazi alikuja mbio akipiga kelele, lakini hakunitazama mimi. Alitazama chupa.

"Siki hii," alisema. "Siki ya zabibu. Babu yako akiletewa kutoka Maskati, nyeusi hivi hivi."

"Shangazi, natoka damu."

"Nakuona. Hebu nusa kwanza, mimi nina mafua."

Kizibo kilikuwa kimeshazama ndani kwa ule mshindo. Nikanusa huku damu inanishuka sikioni. Nikasema, "Sawa tu." Mtu mwenye kichwa kilichopasuka haulizwi mambo ya harufu. Akaichukua ile iliyonipiga, akaenda nayo jikoni, na zile nyingine nikazipanga barazani.

Basi ndiyo hapo tulipofika. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Posa ilikwenda kwa Shehe Hamdan, baba yake Rahila. Shehe hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisema, "Tutatazama." Na Shehe Hamdan akitazama, hutazama kwelikweli. Huyu ndiye aliyewahi kurudisha bati zima la biskuti alilopewa zawadi, kwa sababu alizinusa na roho yake ikakataa.

Shangazi akasema dawa ya mtu anayetazama ni kumlisha. Ijumaa akapika biriani, akatengeneza na achari ya embe, tamu na kali, iliyolala kwenye siki ikawa inang'aa kama shanga. Akafunika sinia kwa kawa jipya. Kwa desturi mposaji habebi sinia lake mwenyewe, lakini kwetu sisi wabebaji wamekwisha, nimebaki mimi. Nikabeba, nikabisha hodi, nikakabidhi, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Shangazi alikuwa ameshatoka kwenda kwenye hitima ya jirani.

Barazani nikamkuta Mdodoma.

Mdodoma ni fundi wa mnara wa simu unaojengwa nyuma ya nyumba yetu. Ana jina lake, lakini Pemba ukitoka mbali jina lako linabaki bandarini. Huja kuchota maji kisimani kwetu. Siku hiyo ndoo ilikuwa imelala chini, na yeye amepiga magoti mbele ya chupa zangu kama aliyekuja kuposa.

"Bwana Mundhir! Hizi umezitoa wapi?"

"Zilinitoa mimi. Moja ilinipiga kichwa."

"Unajua ni nini?"

"Siki."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Siki! Mimi mtoto wa Dodoma, nimekulia kwenye shamba la zabibu, baba yangu anagema, sorry, anakamua kila mwaka, halafu unaniambia siki! Bwana, huu ni mvinyo. Tena mvinyo wa zamani. Nani alikuwa anakaa humu?"

Nikakumbuka, nikamwambia. Babu aliwahi kumpangisha Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza maradhi ya mikarafuu. Mzungu aliondoka ghafla wakati wa Mapinduzi, na watu wakasema aliacha kitu ndani ya nyumba. Sisi watoto tulikuwa tukitafuta dhahabu.

"Mdodoma," nikasema taratibu. "Unaniambia hii ni pombe?"

"Nakwambia ni baraka!"

Neno lile lilinipiga vibaya kuliko chupa. Sikuvaa hata viatu.

Nilifika kwa Shehe Hamdan napumua kama punda wa mchanga. Kawa liko pembeni. Sinia limeshaliwa nusu. Na Shehe mwenyewe, Shehe anayerudisha biskuti, alikuwa ameshika kipande cha embe kwa vidole viwili, mchuzi unamdondokea kwenye kanzu nyeupe, na hana habari.

"Karibu, Mundhir! Kaa, kaa. Shangazi yako katia nini humu ndani? Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kukunyima binti yangu, mwanangu, nakwambia kweli. Nilikuwa nazo mbili tatu nzuri. Sasa nikila kipande kimoja, sababu moja inanitoka."

"Zimebaki ngapi, Shehe?"

"Moja. Na bakuli halijesha."

Akatia kipande kingine kinywani.

Nikasema naomba maji ya kunywa, nikasogea mlango wa uani. Rahila alikuwa nyuma ya pazia. Sauti yake naijua hata akiwa anamfokea mbuzi.

"Mundhir, mbona peku?"

"Rahila, ile siki si siki."

"Ni nini?"

Nikamwambia. 

"Mwambie baba," alisema.

"Nikimwambia nakukosa."

"Usipomwambia unanikosa pia, maana nitamwambia mimi. Afadhali unikose ukiwa mkweli. Na fanya haraka, anakwenda kuswalisha Alasiri na kanzu ile ile."

Huyu ndiye ninayetaka kumuoa, jamani. Mnaelewa sasa kwa nini nimekubali kupigwa na ukuta.

Nikarudi. Nikamwambia Shehe, kwa maneno machache, macho yangu kwenye mkeka. Mzungu, ukuta, chupa, Mdodoma, mvinyo.

Shehe Hamdan alikitoa kipande kinywani kwa adabu, akakiweka ukingoni mwa bakuli. Akakitazama. Akaitazama kanzu. Nikangoja paa nalo lishuke, maana kuta nimeshazizoea.

"Lahaula," alisema. Kisha akaanza kuhesabu kitu kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Mundhir. Hii ilikuwa kali ya kuchoma ulimi. Ulevi hauna ukali huu."

"Sijui, Shehe. Sijawahi."

"Na mimi sijawahi! Ndiyo shida yetu sote wawili." Akasogea karibu. "Sikiliza. Mvinyo ukikaa ukageuka siki wenyewe, basi ni siki. Ni twahara, ni halali, kula ushibe. Hata ukitolewa kivulini ukawekwa juani, ukageuka, hauna neno. Lakini ukitiwa kitu ndani ili ugeuke, wanavyuoni wetu wamekataa. Hapo unabaki najisi na kila ulipogusa pamenajisika. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Basi niletee jibu la mambo mawili. La kwanza, ni siki au si siki? La pili, iligeuka au iligeuzwa? Ikiwa imegeuka yenyewe, bakuli hili nitalimaliza na binti umepata. Ikiwa sivyo, chukua sinia lako, chukua kawa lako, na hata salamu uwe unanipa kwa mbali. Alasiri haiko mbali. Nenda!"

Nikaenda. Njia nzima naomba dua ambayo nadhani haijapata kuombwa Wete: Ya Rabbi, uwe umeoza. Uwe umeharibika kabisa, usibakie hata kidogo.

Nikamkuta Mdodoma ameshafungua.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi, chupa moja katikati ya miguu, kizibo kimetoka kizima mkononi mwake, na kikombe cha maua cha shangazi yangu mdomoni. Macho kayafumba. Machozi yanamtoka.

"Umeoza?" nikauliza kwa matumaini.

"Mundhir," alisema polepole, "huu ni mzima. Mzima kuliko mimi na wewe. Babu zangu wangeuonja huu wangekata mizabibu yote waanze upya."

Nikakaa chini. Rahila akaenda zake kichwani mwangu, kavaa buibui, hakugeuka.

"Haiwezekani uwe mzima," nikamwambia. "Una umri mkubwa kuliko shangazi. Utazame vizuri. Onja tena."

Hilo hakuhitaji kuombwa. Akaonja tena. "Watu wanadhani mvinyo wote ukikaa ndiyo unakuwa mzuri. Uongo, bwana. Mwingi unatakiwa unywewe ukiwa kijana, ukiuweka miaka unakufa. Lakini huu ni wa aina ile nzito, umetiwa pombe kali ndani toka kiwandani ili udumu. Na ulilala. Ulikuwa umelala, au siyo? Tazama masimbi, mashapo yake, yalivyoganda ubavuni."

Kweli, ubavu mmoja wa chupa ulikuwa na ukoko mweusi ndani kama sufuria la wali.

"Zilikuwa zimelala," nikasema. "Chini kabisa, upande wa birika la ukutani la kuwekea maji."

"Basi! Baridi, giza, unyevu. Mvinyo ukiulaza, unalowesha kizibo, kizibo kinavimba, hewa haipiti. Yule Mzungu alikuwa fundi. Aisee, alijua kuhifadhi."

"Mungu amsamehe," nikasema, na sikuwa na maana ya kumsamehe.

Hapo ndipo shangazi alipoingia kutoka kwenye hitima, mkononi kashika fungu lake la kaimati.

"Kikombe changu cha maua!" Alinusa. Mafua yalikuwa yameshakwisha. "Mundhir! Mtu huyu anakunywa nini ndani ya nyumba ya baba yangu?"

"Anakunywa siki yako, shangazi."

Nikamweleza. Mikono ilimwenda kichwani, kaimati zikamwagika ngazi nzima. Alilia kwa dakika moja ya haki, kisha akafuta uso kwa ukaya na kuuliza swali ambalo mimi mwenye cheti cha kidato cha nne sikuwa nimeliuliza.

"Lakini ile niliyotumia mimi haikuwa hii. Ile ilikuwa na shingo ndefu na mabega yamelegea. Hizi zina mabega kama mabaharia."

Mdodoma alifungua jicho moja. "Ipo wapi hiyo?"

"Jikoni. Imebaki kidogo."

Tukaingia jikoni wote watatu tunapigana vikumbo. Chupa ilikuwa kwenye rafu. Mdodoma akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii masimbi yake yako kitakoni. Ilikuwa imesimama."

"Ilikuwa juu," nikasema, na kichwa kikaanza kuniuma kwa kumbukumbu. "Juu peke yake, imesimama kwenye kijirafu. Ndiyo maana ilinipiga utosini."

"Na upande gani?"

Nikageuka. Ule upande wa tundu umegusana na ukuta wa jiko. Pale pale linapokaa dohani la shangazi, ambapo amepika maisha yake yote, na mama yake kabla yake. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto la biriani bado.

Mdodoma alitikisa kichwa kama aliyefikishwa kwenye maiti. "Maskini. Imesimama, kizibo kikakauka kikapunguka, hewa ikaingia. Na moto wa jiko kila siku. Huu ulikuwa mvinyo mwepesi wa kawaida, hauwezi mateso haya."

"Onja!" tulisema wawili kwa pamoja, mimi na shangazi.

"Mimi nionje maiti?"

"Onja, mwanangu," shangazi alimbembeleza, "nitakupa kikombe kile kiwe chako moja kwa moja. Mimi sikitaki tena."

Akamimina tone. Akatia kinywani. Uso wake ulijikunja kama mfuko wa karatasi, akakimbia uani, akatema, akasukutua kwa ndoo nzima.

"Siki!" alipiga kelele. "Siki tupu! Siki ya kukoshea vigae!"

Shangazi alipiga kigelegele kilichowashtua popo. Mimi nikamkumbatia Mdodoma, nikambusu kwenye kipara.

"Sijapata kuona," alisema, "watu wanaoshangilia mvinyo ulioharibika."

"Hujapata kuposa Pemba."

Tukampeleka kwa Shehe awe shahidi. Njiani shangazi alimjaza karafuu mdomoni azitafune, azifyonze kwa ulimi wote, maana alikuwa ananuka ile chupa nyingine. Alitembea mashavu yamevimba, machozi yanamtoka kwa ukali, na watu wakampa pole wakidhani ana jino.

Shehe Hamdan alikuwa ameketi vile vile, bakuli mbele yake, kile kipande ukingoni. Hakuwa amekigusa. Lakini niliona alikuwa amekisogeza karibu kidogo.

"Huyu ndiye shahidi?" akauliza. "Mnywaji?"

"Shehe," nikasema, "katika mambo ya ulevi tungemleta nani? Imamu?"

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba mdomo. Na Shehe naye ndevu zilimtikisika.

Mdodoma akatema karafuu kwenye kiganja, akasimama wima kama yuko mahakamani. "Mzee Shehe, shikamoo. Mimi nilitaka sana uwe mvinyo. Nilitaka kwa moyo wangu wote. Lakini nimeonja, na ni siki. Ilisimama badala ya kulala, ikakaa kwenye joto, hewa ikaingia. Basi."

"Zile nyingine?"

"Zile nyingine…" Sauti ilimlegea. "Zile ni hai."

"Zile nyingine zinakwenda kumwagwa leo," alisema Shehe, na Mdodoma akashika ukuta. "Lakini hii ya achari, kwa maneno yako wewe usiyekuwa na faida nayo, iligeuka siki. Nimekubali. Jibu la kwanza nimelipata." Akashusha pumzi. Mkono wake ulikuwa tayari unakwenda bakulini. "Na iligeuka yenyewe, kwa joto na hewa. Nalo la pili nimelipata. Alhamdulillahi. Rahila, lete maji ya kunawa, na umletee na mwenzio viatu vya kuvaa, hawezi kurudi kwao peku kama…"

Mwenzio! Mlisikia? Alisema mwenzio. Mimi nilisikia, na Rahila alisikia, maana sufuria ilianguka jikoni.

Ningelifunga mdomo wa shangazi yangu hapo hapo kwa kawa, hadithi hii ingekwisha kwa ndoa. Lakini Bi Rawya akifurahi huwa hana breki.

"Alhamdulillahi, Shehe wangu!" alisema, mikono juu. "Na mimi nilivyoihangaikia siki ile! Maana siku ile ya kwanza niliidhania changa, haijakolea. Nikasema hii nikiitumia hivi nitaaibika. Nikaipandisha darini juani, ikapigwa na jua wiki nzima."

"Jua halina neno," alisema Shehe, kipande kiko karibu na ndevu.

"Na nikaitia ganda la mkate wa mofa, kama alivyokuwa akifanya mama. Siki ukiitia ganda la mofa inaamka!"

Kipande kikasimama.

Mdodoma alitazama dari. Mimi nikatazama mlango, kuona kama ni mpana wa kutosha.

"Bi Rawya," alisema Shehe Hamdan, pole pole sana, "ulipolitia hilo ganda, mle chupani mlikuwa na siki tayari? Au mlikuwa na kile kingine, na ganda ndilo lililokigeuza?"

Nikaona furaha inamtoka shangazi usoni kidogo kidogo, kuanzia nyusi.

"Mimi siku ile nilikuwa na mafua, Shehe. Pua zimeziba zote mbili. Sikunusa kitu." Akanigeukia. "Aliyenusa ni Mundhir. Kabla ya jua, kabla ya ganda. Muulize yeye ilinuka nini."

Wote wakanigeukia. Shehe na kipande chake. Mdodoma na karafuu zake kiganjani. Pazia nalo likasogea, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuposa nikaliona jicho moja la Rahila linanitazama sawasawa.

Msikitini, spika ikakohoa. Muadhini alikuwa anasafisha koo.

"Haya, Mundhir," alisema Shehe. "Ilinuka nini?"

Mngedhani tatizo ni kwamba nimesahau, kwa damu ile na nundu ile. Hapana. Nakumbuka vizuri kabisa.